Flaiwili ya zamani katikati ya watu: tumwachie mwenye gari, au tumlazimishe afunge ngao?

Mkerezaji wa Majengo (Moshi)

Wakuu, habari za Jumatatu.

Mimi ni mkerezaji, karakana yangu iko Majengo. Ukileta ngoma ya breki iliyolika naisawazisha, ukileta flaiwili (lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, ambalo klachi inakalia) iliyoungua kwa klachi naipitishia kisu. Kazi ya mafuta na vumbi la chuma, haina picha nzuri.

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Arusha aliniletea flaiwili ya Datsun ya zamani. Gari amelinunua likiwa limekaa kwenye nyasi miaka, amelifufua, na anataka kuliingiza kwenye mbio fupi za vumbi na kwenye maonyesho ya magari ya kale. Alitaka niipunguze uzito. "Ichonge ibaki kilo nne, halafu itoboe matundu pembeni kama zile za kwenye video."

Ni chuma cha kusubu. Niliiosha kwa petroli, nikaitundika kwa kamba, nikaigonga kwa nyundo ndogo, vile mama anavyogonga chungu sokoni kabla hajatoa hela. Flaiwili nzima hulia kama kengele. Hii ilijibu "tap", ikanyamaza. Nikapaka ile rangi nyekundu ya kutafutia nyufa, nikafuta, nikapuliza poda nyeupe. Ukajichora mstari kutoka kwenye tundu la bolti kuelekea pale pleti ya klachi inapokalia, urefu wa kijiti cha kiberiti.

Nikakataa kazi. Akaichukua, akaniambia mafundi wako wengi. Na kweli wako wengi, ndiyo maana naandika.

Piga hesabu na mimi. Chukua flaiwili yenye kipenyo cha sentimita 30. Ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, ukingo wake unakimbia karibu kilomita 400 kwa saa. Gari lenyewe huenda limesimama tu, dereva anapasha injini, watoto wamelizunguka. Kipande cha gramu 100 cha ukingo ule, uzito wa mayai mawili hivi, kinataka kuchomoka kwa nguvu ya kilo 800 na ushee. Magunia manane ya mahindi yamening'inia kwenye mayai mawili. Kwa mizunguko 3,000 ni gunia moja na nusu tu. Ndiyo maana gari linaweza kukupeleka Himo na kukurudisha mwaka mzima bila neno, halafu siku ya kupiga resi mara moja mbele ya watu likapasuka. Mvuto huu haupandi sambamba na mizunguko, unapanda kwa mraba wake: mizunguko ikiwa mara mbili, mvuto unakuwa mara nne.

Na flaiwili yenyewe inakaa wapi? Gari lenye injini mbele na kusukuma nyuma, inakaa usawa wa miguu ya dereva. Kinachomkinga ni kasha la klachi, lile mafundi wanaliita belihauzi, mara nyingi la alumini, lililotengenezwa kushika giaboksi na si kuzuia vipande. Baada ya hapo ni bati la sakafu, ambalo kwa gari la umri ule unaweza kulitoboa kwa bisibisi.

Pendekezo langu: gari lolote la mbio la kale litakalopigwa resi mbele ya watu liwe na flaiwili ya feleji (stili, si chuma cha kusubu), na ngao ya chuma kuzunguka kasha la klachi. Asiye navyo alisukume kwa mikono mpaka uwanjani, watu wapige picha, basi. Nichapeni.

Mzee wa 404 (Kijenge)

Nakuchapa mimi, mdogo wangu, na nakuchapa kwa heshima.

Nina Peugeot 404 tangu mtoto wangu wa kwanza hajazaliwa, na sasa huyo mtoto ana mvi. Mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki zilianza 1953 na zilipita nchi zetu hizi, Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1966 na ya 1967 alishinda Bert Shankland, mtu aliyekuwa akiishi hapa hapa kwetu, Dar es Salaam. Maelfu ya kilomita za matope na mawe. Ngao ya chuma ilikuwa wapi? Haikuwapo. Flaiwili ya feleji ya kuagiza? Haikuwapo.

Gari la kale lina thamani kwa sababu ni la kale. Hata FIA wenyewe, shirikisho la dunia la mbio za magari, kwenye Kiambatisho K cha kanuni zao, wanataka gari la kihistoria lishindane katika hali ya kipindi chake, na gari hupewa pasipoti yake ya kiufundi ili watu kama ninyi wasilibadilishe likawa gari jipya lenye sura ya zamani. Leo flaiwili, kesho giaboksi, keshokutwa mtaniambia injini nayo niweke ya Toyota. Mwishowe nitabaki na honi.

Halafu neno "tumlazimishe" silipendi. Anayelazimisha ni nani? Tumeshalazimishwa vya kutosha.

Chalii wa Sakina

Mzee shikamoo. Mkerezaji naye shikamoo, nimekusoma mpaka mwisho.

Ila wakuu mnazunguka sana. Dawa ya haya mambo ni limita ya resi. Kidude kidogo, kinakata moto kwenye plagi injini ikifika mizunguko uliyoiweka. Weka 6,000 basi, magunia yako ya mahindi yanabaki sita. Feleji ya nini?

Na huko Marekani walishajifunza zamani, yule Don Garlits, dereva wa mbio fupi za mstari ulionyooka, klachi ilimlipukia 1970 ikamkata mguu, akaenda kutengeneza gari lenye injini nyuma.

Mhandisi Njiro

Chalii, magunia sita ni sawa, hesabu yako imekaa. Lakini hayo mengine yanahitaji kunyooshwa.

Kwanza Garlits. Ilikuwa tarehe 8 Machi 1970, uwanja wa Lions kule California, na kilichopasuka ni giaboksi, si klachi. Alipoteza sehemu ya mguu wa kulia. Yaliyofuata uko sahihi: alihamisha injini ikawa nyuma yake, na mwaka 1971 gari hilo likaanza kushinda, wengine wote wakamfuata. Naisisitiza tofauti hii kwa sababu Mkerezaji anazungumzia flaiwili peke yake, wakati pale katikati ya gari kuna vitu vinne vinavyozunguka kwa kasi ile ile au zaidi: flaiwili, presha pleti (sahani inayoibana pleti ya klachi kwenye flaiwili), pleti ya klachi yenyewe, na gia. Presha pleti nyingi za zamani nazo ni chuma cha kusubu. Ukiweka flaiwili mpya ya feleji ukaacha presha pleti ya zamani iliyoungua ikawa ya bluu, umebadilisha mlango wa mbele ukaacha dirisha wazi.

Pili, limita. Limita inaitawala injini. Haiitawali pleti ya klachi. Pleti imeshikana na shafti ya giaboksi, na giaboksi imeshikana na magurudumu. Sasa fikiria unateremka kilomita 100 kwa saa. Gari lako kwenye gia ya nne linazunguka 4,000. Unataka gia ya tatu, mkono unateleza, unaingiza ya pili, na mguu bado uko kwenye klachi. Injini iko salama, inanguruma taratibu. Pleti ya klachi inazungushwa na magurudumu karibu 8,000. Ukiwa umeingiza ya kwanza kwa bahati mbaya inaweza kupita 14,000. Limita haioni kitu, kwa sababu plagi hazihusiki. Vitambaa vya pleti vinapasuka na kutawanyika humo ndani ya kasha, na mkanyago wa klachi ulioukanyaga ukidhani umejiokoa ndio ulioitenganisha na injini iliyokuwa angalau ikisaidia kuizuia pleti isikimbie.

Rudia kuisoma aya hiyo mara mbili, ndugu zangu. Watu wengi wanaamini ukikanyaga klachi umeweka kila kitu mapumziko.

Chalii wa Sakina

Duh. Hiyo ya pleti sikuijua kabisa. Mimi hiyo ya kuteleza gia imeshanitokea Ngaramtoni, na gari la kawaida.

Dada wa Machela

Mimi sijui kereza wala feleji. Nimejitolea huduma ya kwanza kwenye mbio za huku kwetu, nasimama na machela na begi.

Ninachokijua ni watu wanakosimama. Wakati gari linakimbia, watu wanasukumwa nyuma ya kamba, angalau kuna mtu anapiga filimbi. Lakini gari likisimama kwenye eneo la mafundi kamba haipo. Mtu anamwambia dereva "piga resi tusikie", simu zinatolewa, na wote wanapanga mstari ubavuni karibu na mlango wa mbele kwa sababu pale sauti ni nzuri. Watoto wanachuchumaa wachungulie chini.

Naomba wataalamu mnijibu: kikipasuka, kinaruka kwenda wapi?

Mhandisi Njiro

Swali zuri kuliko yote humu, dada. Kinaruka kufuata bapa la mzunguko wake. Chukua sahani, isimamishe wima kati ya miguu ya dereva na injini, uso wake ukitazama mbele. Vipande vinatoka kwenye ukingo wa sahani: kushoto, kulia, juu, chini. Mbele na nyuma ya gari ni salama zaidi, ingawa vikigonga chuma vinapinda njia. Kwa hiyo ubavuni, karibu na mlango wa mbele, ndipo penyewe. Yule anayechuchumaa kuchungulia chini ameuleta uso kwenye mstari.

Kwa Volkswagen ile ya mgongo wa kobe au Porsche 911 injini iko nyuma, kwa hiyo mstari unahamia nyuma ya viti. Na kobe ina jambo lake: flaiwili yake inashikwa na nati moja kubwa ya katikati na pini nne tu, na nati hiyo inataka kukazwa kwa nguvu kama ya mtu wa kilo 30 kwenye mkono wa mita moja. Wangapi wanapima? Wengi wanaweka bomba kwenye spana wanaruka juu yake mpaka waridhike. Wanaotengeneza kobe za mbio huongeza pini zikawa nane.

Mangi wa Kiboriloni

Naomba niulize la mfukoni kwa sababu wote mnaongea kama mnakula mishahara ya Ulaya. Flaiwili ya feleji iliyopimwa, yenye alama ya SFI (taasisi ya Marekani ya viwango vya vifaa vya mbio), unaagiza Marekani au Uingereza, usafiri, ushuru, na kwa gari la 1970 lisilo na mfano huenda waitengeneze moja moja. Vijana wanaofufua haya magari wanafanya kwa hela ya bodaboda. Ukiweka sharti hilo umeua mchezo, utabaki na matajiri wa mbio za kale wanaotoka nje wanaopita hapa kwetu na magari ya kontena kisha wanaondoka.

Ngao naikubali. Bamba la mm 6 lipo, wachomeleaji tunao. Upana sentimita 15, kuzunguka robo tatu ya kasha, nimepiga hesabu ni kama kilo sita na nusu. Nani atashindwa kilo sita na nusu?

Mzee wa 404 (Kijenge)

Mangi umesema. Na mimi sijapinga kamba wala filimbi. Dada wa Machela ana haki, watu wasogezwe. Napinga kuingiliwa ndani ya gari langu.

Bado sijajibiwa kuhusu Shankland.

Mkerezaji wa Majengo (Moshi)

Mzee wangu, nakujibu.

Shankland alikimbia na gari jipya. Flaiwili ile haijawahi kukerezwa, haijawahi kuunguzwa na klachi inayoteleza miaka thelathini, bolti zake zilitoka kiwandani na kukazwa mara moja. Injini ya 404 nguvu zake zote ziko chini ya mizunguko 6,000, na kwa mizunguko hiyo flaiwili ya kiwandani ilikuwa na akiba ya kutosha. Waliompigia hesabu walijua kazi yao. Gari unaloliona leo kwenye maonyesho si lile. Limepita mikono minane. Mmoja alibadilisha kamshafti (shafti inayofungua valvu) ili lipande 7,500, mwingine akaikereza flaiwili, mwingine akaikereza tena, mwingine akapoteza bolti mbili akaweka za trela. Kisha tunasema "ni ya asili". Asili ipi? Hiyo ni historia ya matengenezo ya vichochoroni, na mimi nimeshiriki, sijitoi.

Tena, chuma hakizeeki kwa kukaa. Flaiwili iliyofungwa kwenye gunia tangu 1970 ni nzima kama ilivyokuwa. Kinachoizeesha ni joto. Klachi ikiteleza, uso wa flaiwili unapata moto wakati sehemu ya nyuma bado baridi, uso unataka kutanuka na mwili unaukatalia. Ukipoa unavutika. Fanya hivyo mara elfu, unapata zile nyufa ndogo ndogo kama tope la mbuga lililokauka. Nyingi ni za juu juu na kisu kinaziondoa. Ila kila nikipitisha kisu inakuwa nyembamba, na ufa mmoja ukifika kwenye tundu la bolti hauna tena pa kusimama.

Ndiyo maana matundu ya urembo yananitisha. Kwenye bamba linalovutwa, tundu dogo linaweza kuzidisha mkazo pembeni mwake mara tatu. Chuma cha kusubu cha kawaida hukatika kikivutwa kwa megapaskali 200 hadi 300, na hakikuonyi: hakipindi, hakirefuki, kinaachia tu, kama kigae. Feleji nzuri iliyopikwa inafika 1,000 na inapinda kwanza, inakupa mtikisiko, unashuka kutazama.

Ukitaka kupunguza uzito, ondoa kwenye ukingo, ambako gramu moja ina kazi kubwa, usiguse kitovu karibu na bolti, na kila kona iache na mviringo. Usitoboe. Hapo hata kwa chuma cha kusubu utakuwa umefanya dhambi ndogo.

Kwa Mangi: bolti kwanza. Katika zilizoletwa kwangu zimeachia, ninazozikumbuka zaidi tatizo lilikuwa bolti, si mwili wa flaiwili. Tazama kichwa chake. Kimeandikwa namba ya uimara 8.8? Si ya hapo. 10.9 ni ya kuanzia, 12.9 wapo wanaoitumia, na kisicho na maandishi ni cha kufungia geti. Nunua mpya, usirudishie zilizokwisha kuvutika, pima kwa spana ya kipimo. Hii haihitaji kontena kutoka Ulaya.

Na kweli SFI wana kiwango 1.1 cha flaiwili na klachi na 6.1 cha kasha, lakini sikusema lazima stika yao. Nilisema feleji. Hapa Hai tuna Kilimanjaro Machine Tools, kiwanda kilichojengwa kutengeneza mashine za kukerezea zenyewe. Siwezi kuamini mkoa wenye kiwanda kama kile unashindwa kutoa sahani ya feleji yenye matundu sita.

Mhandisi Njiro

Mkerezaji, hapo kwenye sahani yenye matundu sita umeteleza kidogo. Tatizo si kuichonga, tatizo ni kujua umechonga nini. Kipande cha feleji kutoka kwa mnunuzi wa chuma chakavu, ekseli ya Scania iliyokatwa, hakuna anayejua kimepikwa vipi na kina ufa gani ndani. Unaweza kuondoa chuma cha kusubu chenye tabia unazozijua ukaweka feleji yenye siri. Kama ni feleji, iwe na karatasi ya kiwandani. Hiyo si ghali, ni usumbufu tu.

Na kugonga kwa nyundo ni kizuri, nami nafanya, ila ringi gia (ile pete ya meno ya starta kwenye ukingo) ikiwa imelegea kidogo hata flaiwili nzima hulia vibaya. Nyundo inakuambia simama, haikuambii endelea.

Kwa Mangi na wachomeleaji wako. Ngao isishikiliwe na kasha la klachi. Nimeona moja hapa Arusha, imechomelewa vizuri, imepakwa rangi ya dhahabu, na imefungwa kwa bolti kwenye kasha lile lile la alumini. Kasha likivunjika linaondoka na ngao, kipande cha kilo sita na nusu kimeongezeka kwenye mvua. Ngao ishike kwenye bloku ya injini na upande wa pili kwenye fremu au shasi, na ifunike juu na ubavu wote. Chini unaweza kuacha nafasi ya kuchungulia, kwa masharti kwamba hakuna mtu chini.

Na kama leo huna ngao: chukua chaki nyekundu, pima mahali flaiwili ilipo, chora mstari ubavuni mwa gari pande zote mbili, kutoka chini mpaka kwenye boneti. Resi ikipigwa, hakuna mguu wa mtu kwenye mstari, mita tatu mbele wala mita tatu nyuma. Bei ya chaki.

Dada wa Machela

Mstari wa chaki naununua leo. Huo hata mimi naweza kuusimamia bila kubishana na fundi.

Mzee wa 404 (Kijenge)

Mkerezaji, umenijibu kama mtu mzima. Kuhusu mikono minane sina la kusema, gari langu limepita mmoja tu, wangu. Ila nakubali si wote.

Bado nasimama pale pale: mwenye gari aamue juu ya flaiwili yake. Akitaka kukaa na chuma cha kusubu kwenye miguu yake, miguu ni yake. Ngao kwa ajili ya watu wa pembeni, hapo mnaweza kuwa na hoja, kwa sababu mtoto anayechuchumaa hajaulizwa. Lakini ipitie AAT, chama cha magari cha Tanzania, wao ndio wenye kiti FIA kwa nchi hii, isiwe amri ya kikundi cha watu kumi wenye simu.

Mkerezaji wa Majengo (Moshi)

Nakubali nusu, Mzee, na nusu hiyo inanibadilisha pendekezo. Flaiwili tuifanye ushauri, ngao na chaki tuzifanye sharti. Mtu na miguu yake.

Ila kuna mmoja tumemsahau: fundi. Kabla gari halijafika uwanjani limeshapigwa resi gerejini mara hamsini, kijana amelala chini yake kwenye boksi la maturubai, kifuniko cha chini cha kasha kimeondolewa aone kama klachi inaachia. Huyo miguu yake ni ya nani? Mtaa mzima wa Unga Limited wanafanya hivyo. Nami nilifanya.

Datsun Ngarenaro

Wakuu, shikamooni. Ni mimi mwenye hiyo flaiwili.

Sikutaka kuandika ila naona mnanizungumzia. Nilipata fundi mwingine, ameichonga, amebakisha kilo nne na robo, matundu kumi na mbili. Ameniambia ule mstari ni mkwaruzo wa poda. Tumeifunga juzi. Gari limekuwa jepesi kupanda resi, wakuu, mnaloliongea sikatai lakini mngelisikia. Jumamosi nashuka nalo.

Ngao sina. Limita nimeweka, 7,000.

Chalii wa Sakina

Kaka, soma ile aya ya Mhandisi ya pleti. Nakuomba.

Dada wa Machela

Mdogo wangu, Jumamosi nitakuwa zamu mimi. Usinifanye nitumie begi langu kwako.

Mzee wa 404 (Kijenge)

Bwana mdogo. Mimi ndiye niliyepiga kelele humu kwamba mwenye gari aamue, kwa hiyo gari ni lako na uamuzi ni wako, sirudi nyuma.

Ila usiliwashe leo. Ngarenaro sehemu gani? Kesho saa moja asubuhi nakuja na jeki na stendi nne, tunashusha giaboksi, saa nne tumemaliza. Nyuma ya nyumba yangu kuna Datsun iliyokufa, klachi yake haikuwahi kuunguzwa, flaiwili yake haijaguswa na kisu tangu kiwandani. Ni nzito. Utapanda resi polepole kama wazee. Tutaipima kama inaingia.

Datsun Ngarenaro

Mzee, saa moja nitakuwa barabarani nakusubiri. Karibu na msikiti.

Mkerezaji wa Majengo (Moshi)

Ile yenye matundu msiitupe kwa chuma chakavu, itarudi kwa mwingine. Ikateni vipande viwili kwanza.

Na Mzee, kwa kuwa utakuwa na nyundo mkononi, ya 404 uliigonga lini mara ya mwisho?

Mzee wa 404 (Kijenge)

Ya 404 sijaishusha tangu 1994.

Mzee wa 404 (Kijenge)

Nimerudi. Ya kijana tumeitoa, tumeikata. Ule mkwaruzo wa poda ulipita mpaka upande wa pili, ukitia kucha unaisikia. Nyingine imeingia, pini zimekaa, bolti amenunua mpya, zimeandikwa 10.9, nimezisoma mwenyewe kwa miwani.

Kwa kuwa jeki ilikuwa bado iko kwenye gari, alasiri nikamwambia anisaidie na langu. Tumeitundika kwenye mti wa parachichi tukaigonga.

Inawezekana ni ringi gia imelegea, kama alivyosema Mhandisi. Karakana yako unafungua saa ngapi?

Mkerezaji wa Majengo (Moshi)

Saa mbili, Mzee. Njoo nayo ikiwa imefungwa kwenye gunia, poda ninayo.